Mpaka Leo

Mama mkubwa, dada yake mama, alizaliwa Kigoma akaolewa Kigali na fundi cherehani, na huku ndiko alikonilea. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mpaka wa Tanzania na Zaire uko wapi mle ziwani. Akanicheka.

"Katikati ya maji. Dagaa wanaupita kila siku na hakuna anayewauliza kitu."

Mwaka wa tisini, waasi walipoingia kutoka nchi jirani na vita ikaanza kule kaskazini, mpaka nikauona kwa macho yangu hapa hapa mjini: kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili, barabarani karibu na Kimisagara. Tulikuwa tunatoka sokoni Kicukiro, yeye na mfuko wake wa dagaa. Askari aliyetusimamisha alikuwa kijana wa milimani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alisoma kibali cha mama mkubwa, akamuuliza kwa Kinyarwanda yuko Kigali tangu lini. Kinyarwanda cha mama mkubwa kilikuwa cha sokoni, na kwa woga hata hicho kilimpotea, akajibu kwa Kiswahili alichokivunja ili kijana aelewe.

"Mimi iko hapa tangu naolewa, mpaka leo."

Uso wa askari ukabadilika. Kwao mpaka wa nchi ni umupaka, na katika maneno yote yale aliambulia hilo tu, na leo.

"Umupaka? Leo?" Akaumwaga mfuko, dagaa wakatapakaa vumbini. "Wewe iko natoka mupaka leo na hii samaki?"

"Hapana, mwanangu. Mpaka leo. Mpaka leo."

Kila alivyorudia ndivyo alivyozidi kujichongea. Askari mwingine alikwisha mshika mkono, anamvuta kwenye gari lililojaa watu waliochuchumaa. Nilitamani kumpiga kofi mama mkubwa wangu anyamaze, ndivyo nilivyoogopa. Nikajitosa kati yao, nikaeleza kwa Kinyarwanda kwamba hakutaja mpaka wowote, amesema kugeza, hadi leo. Nilieleza hadi sauti ikakauka.

Yule kijana akampa mwenzake ishara amwachie, kisha akainua kamba.

"Mwambie hilo neno aliache," akasema kwa Kinyarwanda.

Nyumbani mama mkubwa hakusema kitu. Siku zikapita, wateja wa mumewe wakimsalimu anaitikia kwa kichwa, yeye aliyekuwa akiutania mtaa mzima. Ilinikera, na iliniuma.

"Mama mkubwa, utanyamaza mpaka lini?"

Akatupa macho mlangoni, akaniziba mdomo kwa kiganja.