Maneno ya Getini

Cheo chake kipya ni mtafiti wa watumiaji, na mama yake mpaka leo hajakielewa.

"Yaani unalipwa kuwatazama watu wanavyobonyeza simu?"

"Ndiyo, mama."

"Na chuo kikuu ulisomea mila za watu."

"Ndiyo, mama."

Basi, mazungumzo huishia hapo.

Miaka kumi na mmoja alizunguka vijijini na shirika la misaada, akiuliza watu habari za visima na chanjo. Wafadhili walipoingia mitini, shirika likafunga virago, naye akaangukia ofisi ya vioo, majaribio miezi mitatu, kati ya vijana wanaomwita Shangazi. Siku nyingine roho ilimrudi kule kwenye vumbi. Aliyemkumbuka kuliko wote ni dereva.

Dereva yule alikuwa mtu wa maneno machache. Mahojiano yakiisha, wenyeji wakinyanyuka kumsindikiza mgeni, yeye huzima injini. "Usiwe na haraka, dada," humwambia. "Ndiyo kwanza wanaanza kusema." Na kweli, habari nzito zote alizipata mkono ukiwa kwenye mlango wa gari.

Ijumaa ya mwisho ya majaribio yake, mama mmoja mshonaji aliitwa kujaribu sura mpya ya programu ya kuwekea miadi ya kliniki. Ingetoka Jumatatu. Kila alichoulizwa alijibu, "Nzuri sana, mwanangu." Dakika arobaini zikaisha, na nyuma ya kioo vijana waliokuwa wakitazama wakapongezana. Shangazi akambebea mama mkoba, akamsindikiza taratibu.

Getini mama akasimama.

"Nikwambie kitu? Kusoma sijui. Mle ndani nimeona aibu. Kwenye simu yangu, binti yangu amenitilia nukta ya rangi ya kucha pale pa kubonyeza. Sasa nyinyi kitufe mmekihamisha. Mimi nitabonyeza wapi?"

Shangazi alirudi ndani. Akisema, anavuruga kazi ya miezi sita ya watu walioshika ajira yake. Akinyamaza, mama yule hataiona kliniki. Akasema.

Meneja, kijana wa kumzaa kabisa, alikunja uso. "Shangazi, mbona hilo halimo kwenye rekodi?"

"Nimelipata getini."

"Uliuliza swali gani?"

"Sikuuliza. Nilimsindikiza."

Meneja akainuka, akaifuta Jumatatu ubaoni. Jioni ilitoka ratiba mpya, yenye jina la Shangazi mpaka mwisho wa mwaka. Chini ya kila mahojiano pameandikwa: kusindikiza, dakika kumi.

Alifurahi, lakini machozi yalimlenga. Katika ripoti zake zote za miaka ile, dereva hakutajwa hata mara moja. Akampigia, akamweleza mwanzo hadi mwisho.

Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Dakika kumi?" akauliza. "Huyo meneja wako bado hajazima injini."