Kisu Kisicho na Mkia

Mjomba wake Laurenti Banzi alikuwa na sheria moja ya uhunzi, na aliirudia kila alipowasha moto: mkia wa kisu lazima uonekane nyuma ya mpini. Kisu si kile kipande kinachong'aa peke yake. Chuma kinaendelea ndani ya mti, chembamba, mpaka kinatokea upande wa pili, na hapo mhunzi hukigonga juu ya wasa, kile kipete cha chuma, hadi kifanye kichwa kama cha msumari. Mnunuzi akigeuza kisu na kukiona kichwa hicho, anajua ananunua chuma kimoja tangu ncha hadi mwisho. Asipokiona, ananunua gundi.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo Laurenti alirithi kazi hii kwa mjomba, si kwa baba. Alipewa fuawe, mivukuto na jina. Watu wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, na wakulima walioshuka milimani na mboga walikijua kisu cha Banzi: springi ya lori iliyofuliwa, mpini wa mninga, ala ya ngozi ya ng'ombe. Kilikuwa kizito na cheusi. Hakikupendeza macho, lakini kilidumu hadi baba akamwachia mtoto.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini, ambayo juzi tu watu waliyapangia foleni ya sabuni, yakajaa bidhaa kutoka nje. Vikaja na visu, vyeupe kama kioo, bei chee. Wanunuzi walikishika kisu cha Laurenti, wakakilinganisha, wakakirudisha mezani. Laurenti alivumilia masika ya kwanza. Ya pili yalimshinda.

Akaanza kununua mabapa matupu ya kiwandani, yenye mkia mfupi kama kidole gumba. Alitoboa mpini, akamimina gundi, akachomeka bapa. Angeishia hapo, mtu angesema ni ugumu wa maisha. Hakuishia hapo. Alikata vichwa vya misumari, akavigongelea nyuma ya mipini juu ya wasa. Mnunuzi aligeuza kisu, akaona kichwa cha chuma, akaridhika. Dada yake, Yustina, ambaye wanawe ndio waliokuwa warithi wa fuawe, alimuuliza kwa nini siku hizi hasikii nyundo. Laurenti akamjibu kwamba mkaa umepanda bei.

Abdi Maganga alifika kibandani kwa Laurenti sokoni vuli ilipoanza. Alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyestaafia Kingolwira, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimempunguza, na sasa alikuwa amepata kibarua cha kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Uluguru kupiga kambi. Alikuja na Oscar, mpishi wa kambi hizo.

"Mluguru! Bado hujafa? Mimi nimekuja na sanda kabisa!"

"Ivae mwenyewe, Mnyamwezi. Babu yako alibeba mizigo ya watu mpaka kichwa kikawa bapa. Wewe leo unabeba nini?"

"Mahema ya Wazungu. Nipe kisu. Si cha kumenyea viazi. Nataka cha kulala nacho porini. Kikate matawi, kipasue kuni, kichinje na kuku."

Chini ya meza kilikuwapo kisu kimoja cha springi, cha mwisho katika vile alivyofua Laurenti mwenyewe. Alijua hicho ndicho alichokuja kukitafuta Abdi. Alikitoa, akakiweka kando ya vile vinavyong'aa.

Abdi alikishika kwa vidole viwili. "Hiki umekifukua kaburi la nani?" Akakiweka chini, akachukua kimoja cheupe, akakigeuza kama alivyofundishwa na wakubwa zake. "Mkia huu hapa. Nachukua hiki."

"Hicho hakina mkia, mtani," Laurenti alisema. "Nimekugongelea msumari tu. Kikikuvunjikia usije kulia kwangu."

Alisema kweli tupu, lakini aliisema kwa sauti ya utani, kichwa upande, meno nje.

Oscar alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Umesikia? Anataka akubebeshe lile gogo lililomdodea!"

"Waluguru wachoyo nyie," Abdi akasema. "Kizuri mnakionea uchungu kukitoa."

Utani una mlango wa kutokea, na kila mtani anaujua. Laurenti angeacha kucheka, akamshika mkono na kumwita kwa jina lake, Abdi, basi kila aliyekuwepo angejua kwamba mchezo umekwisha. Lakini wanunuzi wengine walikuwa wamesimama kando, na meza ilikuwa imejaa visu vya namna ile ile. Laurenti akacheka nao. Akakifunga kisu kwa gazeti, akapokea hela.

Huko juu, ukingoni mwa msitu, mvua ilinyesha tangu asubuhi na kuni zote zikalowa. Abdi alichuchumaa, akasimamisha gogo mbele ya magoti, akaweka kisu juu yake na kukigonga mgongoni kwa kipande cha mti, ili alipasue apate moyo mkavu wa kuwashia moto. Kila mtu wa porini hufanya hivyo, na kisu cha chuma kimoja hakina neno. Hiki kilichomoka. Abdi alibaki na mpini mkononi, na bapa likamwingia kwenye paja, upande wa ndani, karibu na kinena.

Oscar alimfunga kwa shati, akaongeza na kamba ya hema. Yeye na wabeba mizigo wengine wakambeba kwa turubai lililofungwa kwenye miti miwili, wakishuka kwa utelezi, wakianguka na kuinuka. Abdi alizungumza nao mpaka walipoyafikia mashamba ya kwanza ya maharage. Halafu akawa anaomba maji tu. Halafu akanyamaza. Alifika Bigwa akiwa maiti.

Msibani Kingolwira watani wa Kiluguru walikuwapo, kama inavyowapasa, wakiigiza mwendo wa marehemu na kuzuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote. Laurenti alikaa mkekani bila kujiunga nao. Watu walianza kumtazama, ndipo Oscar akasimama.

"Jamani, mzee huyu asilaumiwe. Alimwambia Abdi kisu hakina mkia. Nilikuwepo. Tulicheka wenyewe."

Baadhi ya wanaume wakatikisa vichwa, wakasema ni kazi ya Mungu. Laurenti akavuta pumzi, kifua kikawa chepesi. Ni hapo, kwenye wepesi ule, alipopotea kabisa.

Mwamvita, mke wa marehemu, akamwita mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole."

"Ni kweli ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama. Oscar ni shahidi."

"Ulimwambia huku unacheka. Oscar kanieleza yote."

Laurenti akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona leo hucheki? Wenzako wako nje wanaigiza alivyotembea. Nenda na wewe. Igiza alivyoomba maji."

Laurenti aliondoka bila kusubiri maziko. Miaka yote iliyofuata, kila alipoulizwa, alijibu kwa maneno yale yale: nilimwambia. Na ukweli ambao mtu anausema huku akihakikisha hautaaminiwa ni uongo uliojitafutia mashahidi.

Yustina aliposikia, hakugombana naye. Alikuja Bigwa, akasimama nje ya kiwanda chake cha uhunzi kilichopoa, akamwambia, "Kaka, wanangu wataenda mjini kujifunza kuchomelea mageti. Kwako hawatakuja."

Abdi Maganga alipoteza maisha, akaacha mjane na watoto wadogo. Laurenti Banzi alipoteza warithi, na alipokufa, uhunzi wa ukoo wake ulizikwa naye.