Jenereta Lililozimwa Adhuhuri

Miaka ile kampuni binafsi za simu zilipoanza kusimika minara, nilipelekwa Mbinga kutunza mmoja, juu ya kilima upande wa Mpepai. Mawasiliano ya Mbamba Bay yalipitia kwetu, kwa hiyo mnara wetu ukizimika, watu wa ziwani nao simu zao zilikufa. Na ulikuwa ukizimika kila mchana.

Bosi wangu, aliyekaa Songea na hajawahi kukanyaga kile kilima, alishaamua: mlinzi anazima jenereta ili anyonye dizeli. Neno hilo lilikuwa limeshashuka hadi kijijini, hata mlinzi na mkewe wakaliacha benchi lao kanisani, wakawa wanasimama nyuma. Asubuhi ile akanipigia, anataka kumbukumbu za mtambo kwenye barua pepe yake mara moja. Zikichelewa, anaita polisi.

Nilikasirika. Si kwamba nilijua mlinzi hana hatia, sikujua. Ila mtu anatoa hukumu kwanza, ndipo anaagiza ushahidi!

Mlinzi alikuwa mkulima wa kahawa, rika la baba yangu. Nilimpa shikamoo bila kumtazama usoni, nikachomeka waya kati ya laptopu na kidhibiti cha jenereta, kisanduku kinachojiandikia chenyewe kila tukio: kuwaka, kuzimika, kiasi cha mafuta. Kikagoma. Nikarudia, faili likashuka nusu likakatika. Betri ya laptopu ilikuwa inaishia. Nikajaribu tena, mzee amesimama nyuma yangu, mpaka likashuka lote. Sasa kutafuta. Mistari ilikuwa mingi kama siafu, joto, volti, milango, na mimi nilitaka ya kuzimika tu.

Nikaipata. Dizeli ilikuwa pale pale, kabla ya kuzimika na baada ya kuwaka. Hakuna tone lililoibwa. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia yule mzee. Kisha nikaona kila mstari unasema pia kwamba jenereta limezimwa kwa mkono, adhuhuri, siku zote.

Nikamuuliza. Hakuficha. Kengele ya kanisa ikilia adhuhuri, alisema, watu walioko kwenye ngoro, yale mashamba ya mashimo ya Wamatengo, wanalaza majembe wanasali sala ya Malaika wa Bwana. Jenereta linaunguruma, wa mashamba ya karibu hawaisikii kengele, na yeye haisikii hata sala yake. Basi analizima, wakimaliza analiwasha. Aliambiwa betri za mnara zinabeba muda mfupi kama ule. Zingebeba, kama kampuni ingezibadilisha nilipoomba.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, najua adhuhuri inavyomwita mtu. Nikamweleza bila kuzunguka: faili hili linamtoa kwenye wizi, na hilo hilo linamfukuzisha kazi. Nikilichokonoa nifute mistari ya adhuhuri, hata la dizeli halitaaminiwa. Nisipolituma, polisi.

Alivua kofia.

"Tuma, mwanangu," akasema. "Kazi ni yangu peke yangu. Jina la mwizi watalibeba mpaka wajukuu."

Nikatuma, pamoja na maelezo ya zile betri chakavu, roho inaniuma. Jibu likarudi upesi: polisi hawaji, mlinzi akabidhi funguo leo. La betri bosi hakuligusa.

Mzee alinikabidhi funguo, akaniomba nimsindikize kwake, nikaseme kwa kinywa changu mtambo ulichoandika. Tulimkuta mkewe anaanika kahawa pamoja na majirani. Nikawaeleza yote, nikarudia kwamba dizeli haikupungua. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, halafu akauliza kama basi kesho mumewe anarudi kazini.

Mzee ndiye aliyejibu.

"Hapana. Lakini Jumapili tunarudi kukaa kwenye benchi letu kanisani."