Ukuta Uliosubiri Jua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hapa hapa Ngulyati, siku ya tatu baada ya mvua ya mawe iliyotupiga mwishoni mwa masika. Nilikuwa mke kijana. Upepo ulikuwa umeng'oa nusu ya paa letu la nyasi. Mahindi yamelala chini, na pamba ya shambani imechanganyika na tope. Tulibakiwa na ile tuliyowahi kuichuma, imerundikwa chumbani, imelowa upande mmoja.

Miaka ile soko la pamba ndiyo kwanza limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori kutoka Maswa; leo wapo, kesho huwaoni. Tukasikia lori litapita mchana. Nikaingia chumbani kuchambua, nyeupe huku, fifi, ile iliyochafuka, kule.

Mama mkwe wangu, Mayu Holo, alisimama mlangoni, akaugusa ukuta wa udongo kwa kiganja.

"Toka humo, mwanangu. Ukuta ulionyeshewa hauanguki kwenye mvua. Unaanguka jua likiuwakia."

"Mayu, namalizia kidogo tu. Lori likipita tutakula nini?"

"Tutakula michembe ya viazi. Toka."

Sikutoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; hilo nililijua tangu shuleni, lakini kujua ni kitu kimoja na kutii ni kingine. Mayu aliinama, akaingia, akaanza kunisaidia ili nimalize upesi. Akajaza kikapu, akanipa.

"Hii kaianike."

Nilikuwa naitandaza uani niliposikia kishindo. Nilipogeuka, ukuta haupo.

Tulimfukua Mayu kwa mikono, mimi, mume wangu na majirani. Alikuwa bado na joto. Lori lilikuja likatukuta kwenye kilio, likageuza. Mume wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Basi mwanangu, dhoruba ikipita usidhani imemaliza kazi yake. Nyumba iliyolowa ihame, hata kama riziki yako yote imo ndani. Na mkubwa akikukataza jambo, acha mara moja, maana anayekupenda hatakuacha hatarini peke yako. Atakufuata humo humo, na ukaidi wako ataulipia yeye.

Mungu akupe sikio jepesi, akuzeeshe pamoja na wale unaowapenda.