Ghala Lisilotaka Kicheko

Saa tatu asubuhi, ndani ya ghala la nyaraka, mama mmoja wa makamo anawasha kiberiti mbele ya mgeni. Njiti inatoa cheche, inafuka kidogo, inazimika. Anawasha ya pili. Nayo inazimika.

"Umeona? Moto haushiki," anasema. "Humu tunaowaka ni mimi na wewe tu."

Ghala hili limepunguzwa oksijeni makusudi ili karatasi zisiungue. Mama huyu amepanga majalada humu kwa miaka kumi na mmoja, na wenzake wamembatiza Bi Kisirani, maana hacheki wala hataki mtu acheke.

Nyumbani, wajukuu wanasema bibi yao ana vituko mpaka mbavu ziume. Kazini ni mwiko. Oksijeni ikishuka kupita kiasi, mtu hasikii kubanwa pumzi, husikia raha. Huanza kucheka ovyo, kisha magoti yanalegea. Ndiyo maana anayecheka humu hukokotwa nje bila kuulizwa.

Miaka mitatu iliyopita mtambo wa kupunguza oksijeni ulienda kombo na kengele haikulia. Mwenzake wa zamu alidondosha jalada, akaangua kicheko.

"Nami nikacheka," anasimulia, sauti imeshuka. "Tulicheka, mwanangu, mpaka machozi. Nikatazama kucha zangu, zimekuwa buluu. Hata hilo nikaliona la kuchekesha."

Alitambaa hadi mlangoni akimvuta mwenzake kwa ukosi wa shati. Yeye alipona. Mwenzake alifika nje bado anatabasamu, na hakuamka tena.

Mwezi uliopita Bi Kisirani alipimwa damu, ikakutwa nzito. Daktari alimweleza kwamba ndani ya seli huzaliwa mjumbe mdogo kila wakati, na oksijeni ikiwa tele huvunjwa papo hapo. Ikipungua, mjumbe huachwa hai, naye huamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu zaidi, na damu ikawa nzito.

"Kumbe miaka yote kuna kitu ndani yangu kinajua," anasema. "Siku ile kilijua. Mbona hakikuniambia?"

Daktari amemtaka aache kazi kabla damu haijaganda, naye amekubali. Anapanga kushinda uani na wajukuu. Lakini juzi mdogo wao alicheka peke yake chumbani, na bibi akashtukia ameshamkokota hadi nje, mtoto analia.

"Nataka siku moja tu nicheke nao," anasema, "bila kutazama kucha."

Vidole vyake amevikunja, kucha zimefichwa kiganjani.