Pikipiki Iliyopiga Goti

Mtaani kwetu, hapa jijini Wagadugu, kila mtu ana pikipiki, lakini anayejulikana kwa mlio ni Rasmata peke yake. Ni mjane, ni mkaidi, na huuza vitenge nyumba hadi nyumba akiwa amevifunga nyuma ya pikipiki yake nyekundu. Mimi nauza bagia za kunde mkabala na gereji ya fundi Toé, kwa hiyo nimeona mengi yake, na hajawahi kuniomba niyanyamazie.

Mvua zilizopita aliteleza akavunjika mkono. Mwanawe Salfo, mwalimu mwenye sura ya kutoa adhabu, akaapa mbele yetu sote: "Mama, ukianguka tena, ufunguo nauchukua. Utapelekwa na kurudishwa kama wenzako."

Kwa Rasmata hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa akiwa hai. "Maisha yangu yote nimepelekwa," aliniambia siku ile. "Kwa mume nilipelekwa. Hospitali nilipelekwa. Nikipanda hii, najipeleka."

Basi Ijumaa moja, siku ambayo Salfo hutoka msikitini akaja kula kwa mama yake, Rasmata akakutana na shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mumewe, pale pale mbele ya karai langu. Kwetu sisi Wamossi, mtu wa namna hiyo mwanamke humsalimia amechutama, macho chini. Mwenye akili hushuka kwanza. Rasmata alikuwa na haraka. Akasimama, injini ikinguruma, akainama pale pale juu ya kiti. Pikipiki nayo ikainama, polepole, kwa adabu kabisa, mpaka ikalala chini, Rasmata juu yake, na vitenge juu ya Rasmata.

Mzee hakukatisha salamu. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba," akajibu Rasmata kutoka chini.

"Na mbuzi?"

"Wazima wote, baba."

Mzee akashika njia ya msikitini akisifu malezi ya Rasmata. Nilicheka mpaka nikaunguza bagia. Kioo cha pembeni kilikuwa vipande, mkono wa breki umepinda, taa ya kona inaning'inia kwa waya, na ubavu umechubuka vibaya. Goti la Rasmata pia. "Salfo anakuja mchana huu," akasema. Hapo nikaacha kucheka, nikamsaidia kuisukuma hadi kwa Toé.

Toé ni Msamo, na Wasamo ni watani wetu tangu enzi za mababu. Fundi mwingine angemwuliza kama ameumia. Toé aliweka mikono kiunoni.

"Mtumwa wangu! Nani kakudanganya Mmossi apande kitu chenye injini? Nyie Mungu aliwapa punda, mkamdharau."

"Nyamaza, mla vichwa vya mbwa. Nyoosha breki, mwanangu anakuja."

"Kwanza sema: Wasamo ni mabwana zetu."

Rasmata akatazama barabara, akanitazama mimi, akasema. Alisema kama anayemeza shubiri, lakini alisema.

"Sijasikia," akasema Toé. "Muuza bagia, wewe umesikia?"

Nikasema sijasikia. Mungu anisamehe, nafasi kama ile haiji kila siku.

Kwa utani alikuwa mwepesi, na kwa kazi pia. Akaunyoosha mkono wa breki kwa kipande cha bomba, akachomoa kioo kwenye pikipiki nyingine mbovu, akaunga taa. Ubavu ndio ulikataa. Rasmata akatoa mkobani rangi yake ya kucha, nyekundu ile ile, akapiga magoti kupaka. Ilikuwa bado mbichi Salfo alipotokea nyuma yetu na kanzu yake ya Ijumaa.

"Nani kaiangusha?"

Rasmata akafungua mdomo. Toé akamuwahi. "Mimi. Nilikuwa naijaribu. Una neno?"

Salfo akavimba, lakini avimbe aende wapi? Mmossi kumkasirikia Msamo ni mwiko, hata akikung'olea mlango wa nyumba. Nikaona hasira inamfika kooni na kugeuka kicheko.

"Ulikuwa unakwenda kasi?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Umesimama! Kweli huyu ni Msamo. Hata mama yangu hawezi kuangusha pikipiki iliyosimama. Au vipi, mama?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Rasmata, akivuta kitenge kufunika goti.

Salfo akamwambia mama yake aiache pikipiki pale, atangulie kwa miguu kupakua chakula. Yeye akabaki kidogo akinong'onezana na Toé, nami nikaona, maskini, ufunguo ndio umekwenda.

Alasiri Rasmata alikuja mdogo mdogo, kama mtu anayekuja kutazama maiti. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Ubavuni mwa pikipiki, kulia na kushoto, vilikuwa vimefungwa vyuma vipya vya kuikinga ikilala.

"Sikuagiza hivi," akasema.

"Kaagiza mwanao," akasema Toé. "Kasema nivifunge, Msamo asije akaiangusha tena." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Halafu kasema, Msamo akimwona shemeji yake njiani, ashuke kwanza. Mzee kayasifu malezi yako msikitini, mbele ya watu wote: eti hata ukianguka na pikipiki, salamu huikatishi."

Rasmata akafuta macho kwa pindo la kitenge, akapanda, akawasha, akajipeleka.