Jogoo wa Mwende

Ati simiti yote hiyo tulimwaga bure, kwa sababu ya mtu mmoja? Mutinda, rudia hiyo maneno uone. Kaa hapa, mwanangu. Ndio, nakuita mwanangu, hata kama nimekuzidi ndevu tu.

Ile Jumapili hukuwepo, ulikuwa shule. Mimi naikumbuka vizuri sana. Kanisa la Nunguni lilikuwa limekuja kwetu Mutomo kutusaidia, hao watu wa baridi, na masweta kwa hili jua! Fundi wao, mawe na mchanga yetu. Tulikuwa tumevunja ngazi ya mlango tukaweka rampu, mteremko wa simiti. Dadangu Mwende akaingia kanisa na kiti chake cha magurudumu, bila kubebwa kama gunia la ndengu. Watu wakapiga makofi. Nikajua tumemaliza.

Ikafika sadaka. Si unajua kwetu, watu wanaenda mbele wakicheza, mwenye kuku na kuku, mwenye malenge na malenge, halafu baada ya ibada vinauzwa mnada. Mwende alikuwa na jogoo kwa mapaja, amemlea mwenyewe. Shemasi akamkimbilia na tabasamu, kama kila Jumapili.

"Leta nikupelekee, usichoke."

Mwende hakuachilia. "Nimechoka kupelekewa. Mimi sijawahi kufika huko mbele hata siku moja."

"Lakini viti vimejaa njia..."

Nikasimama. Unanijua, nilikuwa karibu kumrukia shemasi wa watu! Nyanya yetu, Susu Kalekye, akanivuta shati.

"Kaa chini! Amekutuma?" Kisha akamgeukia shemasi. "Na wewe, achilia jogoo wa wenyewe. Viti vina miguu na haviwezi kutembea. Vitoe!"

Kanisa likacheka. Fundi wa Nunguni akawa wa kwanza kubeba kiti chake, wengine wakafuata. Mwende akasukuma magurudumu kwa mikono yake mpaka mbele, akazunguka akicheza, kwaya ikabidi irudie wimbo. Jogoo akawika mbele ya pasta. Na kwa mnada nani alimnunua? Shemasi! Sijui kama alimla na amani.

Siku hizi Mwende ndiye anauza mnada, hapa na hata Nunguni wakimwita. Hana huruma na bei.

Kwa hivyo skiza, mwanangu. Kumfungulia mtu mlango si kumkaribisha. Angalia kama anaimba, kama anatoa, kama anasoma Neno. Ukitaka kumsaidia, muulize kwanza, usimnyang'anye. Na usimtetee kama hajakutuma, hiyo hata mimi bado najifunza.

Mungu akupe mikono myepesi na mdomo wa kuuliza. Akuweke mpaka uitwe babu na watoto wasumbufu kama wewe.

Lakini nimesikia unapenda kuweka kiti chako katikati ya ile njia ya kanisa. Jumapili utakitoa, ama nikutoe nacho?